Televisheni ya Bure kwa Antena: Namna ya Kuichagua na Kuifunga Nyumbani



Ndugu zetu wasomaji, kila inapokaribia Ramadhani hutujia maswali ya aina moja. Vipi familia itapata habari za kuandama kwa mwezi, darsa za jioni na taarifa ya habari bila ya kulipia kifurushi kila mwezi? Wapo wanaolipa miaka nenda miaka rudi, na chaneli wanazozitazama zaidi ni zile zinazorushwa bure. Wapo waliokwisha kununua antena mbili au tatu kwa sababu kila muuzaji aliwaambia hii mpya ndiyo "ya dijitali", na picha bado inaganda. Na wapo, Mwenyezi Mungu atulinde, waliopanda juu ya paa na bomba la chuma mkononi bila ya kuangalia nyaya za umeme zinapita wapi.

Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa utaratibu, kuanzia dukani mpaka juu ya paa, ili anayetaka kujifungia mwenyewe ajue anachokifanya, na anayemwita fundi ajue amuulize nini.

1. Bure ni ipi, na ya kulipia ni ipi?

Matangazo ya televisheni yanaifikia nyumba kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni minara iliyojengwa juu ya ardhi, na mawimbi yake hupokewa kwa antena. Njia ya pili ni satelaiti iliyoko angani, na mawimbi yake hupokewa kwa ungo, yaani dishi. Makala hii inahusu njia ya kwanza. Antena haiwezi kufanya kazi ya dishi, wala dishi haliwezi kufanya kazi ya antena, na king'amuzi cha dishi hakisomi mawimbi ya antena isipokuwa kiwe kimetengenezwa kwa vyote viwili.

Katika mawimbi ya minara kuna chaneli zilizo wazi na kuna zilizofungwa. Zilizo wazi ni halali ya kila mtu. Ndiyo maana zinarushwa bila ya kufuli. Zilizofungwa ni haki ya mwenyewe, na anayezitaka azilipie. Hatutaeleza hapa njia za kuvunja kufuli hizo, wala hatumshauri mtu azitafute.

Kabla ya kununua king'amuzi, muulize muuzaji swali moja tu: kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Baadhi ya ving'amuzi vya kampuni za kulipia huendelea kuonesha chaneli za bure za ndani baada ya kifurushi kuisha, vingine hubakisha chache. Jibu lipate kwa kuoneshwa kwenye skrini, si kwa kuahidiwa.

2. Tulikotoka

Wazee wetu wa visiwani wanakumbuka kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 zilipoanza stesheni za watu binafsi. Siku zile watu wa mwambao wa bara waliinua antena ndefu wakazielekeza baharini ili waione TVZ. Picha ilikuja na chenga nyingi, lakini ilikuja.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa ya zamani na sasa. Matangazo ya analojia yalikuwa yakidhoofika kidogo kidogo: mawimbi yakipungua, chenga zinaongezeka, lakini sura ya mtu bado unaiona. Matangazo ya dijitali hayana hali hiyo ya katikati. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua chini ya kiwango, picha inaganda, inakatika vipande vya miraba, kisha inatoweka. Kwa hiyo mtu wa dijitali hawezi kusema "inatosha hivyo hivyo". Antena yake ama imefikia kiwango, ama haikufikia.

Nchi nyingi za dunia zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhama kutoka analojia, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho kwa eneo letu la Afrika. Tanzania ilianza mapema, kwa kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilianza na Nairobi mwishoni mwa 2014. Mfumo unaotumika katika minara yetu unaitwa DVB-T2. Herufi hizi zishike vyema, kwa sababu zitakusaidia dukani.

3. Angalia kwanza ulicho nacho

Televisheni bapa nyingi za miaka ya karibuni zimekuja na king'amuzi ndani yake. Tazama kibandiko kilicho nyuma, boksi lake au kitabu chake cha maelekezo. Ukiona DVB-T2, televisheni yako inaweza kupokea chaneli zilizo wazi kwa kuichomeka antena moja kwa moja, bila ya boksi lingine. Ukiona DVB-T peke yake, bila ya 2, hiyo ni ya mfumo wa mwanzo na haitasoma matangazo ya T2. Utahitaji king'amuzi cha nje. Ukiona DVB-S au DVB-S2, hiyo ni ya dishi.

Mtu anaponunua king'amuzi asitazame uzuri wa boksi. Atazame herufi hizo, na atazame kama kina tundu la antena lenye uwezo wa kutoa umeme mdogo wa volti 5. Faida ya umeme huo tutaieleza tutakapofika kwenye busta.

4. Hakuna antena "ya dijitali"

Maneno haya yatawaudhi baadhi ya wauzaji, lakini ndiyo ukweli. Antena ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa urefu maalumu ili vipokee mawimbi ya masafa maalumu. Haijui kama ndani ya mawimbi hayo kuna analojia au dijitali, wala haijui kama picha ni ya kawaida au ni ya ubora wa juu. Kazi ya kutambua hayo ni ya king'amuzi. Basi ukiona boksi limeandikwa "dijitali" au "4K" kwa herufi za dhahabu, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya maandishi hayo.

Kinachohesabika ni masafa. Televisheni ya dijitali kwetu hurushwa zaidi katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694. Masafa hayo yamegawiwa njia za megahezi 8 kila moja, kuanzia namba 21 hadi 48. Katikati ya njia ya 21 ni megahezi 474, na kila unapopanda namba moja unaongeza 8. Kwa hiyo njia ya 30 iko 546, na ya 48 iko 690. Hesabu hii itakufaa pale king'amuzi kitakapokutaka uingize masafa kwa mkono.

Urefu wa mikono ya antena unafuata masafa. Kwa megahezi 474 mkono unaopokea huwa kiasi cha sentimita 31. Kwa 690 huwa kiasi cha sentimita 22. Zile antena kubwa za zamani zenye mikono inayokaribia mita moja zilitengenezwa kwa masafa ya VHF, na kwa UHF uwezo wake ni mdogo. Hivyo ukirithi antena ya babu iliyoko juu ya paa, ipime mikono yake kwanza kabla ya kuisifu.

5. Aina za antena na nani anazihitaji

*Antena ya ndani.* Hii ni ile ndogo ya mezani, au bapa ya kubandika ukutani. Inamfaa anayeishi karibu na mnara, asiye na jengo refu mbele yake. Nyumba ya kuta nene za mawe, kama zile za Mji Mkongwe, hula sehemu kubwa ya mawimbi. Paa la bati nalo huyazuia. Ikiwa huna budi kuitumia, iweke dirishani upande wa mnara, mbali na bati, friji na taa za kuokoa umeme.

*Antena ya Yagi.* Ni ile yenye boriti moja ndefu na mikono mingi myembamba iliyopangwa mfano wa mifupa ya samaki. Imepewa jina la Hidetsugu Yagi, mwalimu wa chuo kikuu huko Japani, lakini aliyeifanyia kazi kubwa ni mwenzake Shintaro Uda, katika miaka ya 1920. Nguvu yake ni kwamba inakusanya mawimbi kutoka upande mmoja na kuyapuuza ya pande nyingine. Kwa nyumba iliyoko mbali na mnara, au iliyozungukwa na majengo, hii ndiyo ya kutegemewa.

*Antena ya gridi.* Ina wavu wa chuma nyuma na mikono michache mbele. Inapokea eneo pana zaidi kidogo kuliko Yagi, na haikuchukua nafasi kubwa. Inafaa pale ambapo minara miwili ipo upande mmoja lakini si mstari mmoja.

*Antena ya plastiki yenye mota na rimoti.* Hizi zinauzwa sana barabarani. Ndani yake mara nyingi kuna antena ndogo na busta. Mota yake hufa haraka kwa mvua na chumvi ya bahari. Mnara hauhami, hivyo antena iliyofungwa vizuri mara moja haihitaji kuzungushwa kila siku.

Ukiwa dukani, ishike antena. Boriti na mikono iwe ya alumini isiyopinda kwa kidole. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa sisi wa pwani, kwani upepo wa bahari hula chuma cha kawaida kwa miaka michache. Na kunguru wetu msiwasahau: wakitua wanne kwenye mkono mwembamba, utapinda.

6. Mnara uko wapi, na antena iwe juu kiasi gani?

Mawimbi ya UHF hutembea takriban kwa mstari ulionyooka. Mlima, jengo na hata shamba la minazi lililolowa mvua huyapunguza. Kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo ni haya: mnara uko upande gani, na kati yangu na mnara kuna nini?

Njia nyepesi ya kujua upande ni kutazama antena za majirani wanaopata picha nzuri. Wakazi wa Nairobi wengi hutazama upande wa Limuru, na kwa mji wa Zanzibar mlima wa Masingini ni mahali panapojulikana. Kwengineko, waulize mafundi wa mtaa au ofisi ya kampuni inayorusha matangazo. Ukishajua jina la mahali, ramani ya simu itakuonesha mwelekeo na umbali.

Kuhusu umbali ipo hesabu inayotumika. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha zidisha kwa 4.1. Jibu ni umbali wa kilomita ambao mawimbi yanaweza kufika kabla ya kuzuiwa na mviringo wa dunia. Mfano: mnara wa mita 144 una kipeuo cha 12, antena ya mita 9 ina kipeuo cha 3, jumla ni 15, mara 4.1 ni kiasi cha kilomita 61. Ukiishusha antena hiyo hadi mita 4, jibu linakuwa kiasi cha kilomita 57. Hapo utaona kwamba kuinua bomba hakukupi kilomita nyingi. Faida yake ya kweli ni kuivusha antena juu ya mapaa na miti iliyo karibu. Ikiwa mbele yako ni wazi, bomba la mita mbili juu ya paa linatosha. Ikiwa mbele yako pana ghorofa, hata mita kumi huenda zisifae, na ni bora uihamishe antena upande mwingine wa paa.

Watu wa mwambao wajue pia kwamba joto juu ya bahari hubadilisha njia ya mawimbi. Kuna jioni ambazo mawimbi ya mbali huja kwa nguvu na kugongana na ya karibu, picha ikaganda kwa saa moja kisha ikarejea. Usikimbilie kuifungua antena kwa sababu ya jioni moja.

7. Waya

Watu wengi hununua antena nzuri kisha wakaiua kwa waya. Waya unaotakiwa ni wa duara, wa omu 75, na ulio bora kwa kazi hii unaitwa RG6. Ule mwembamba zaidi, RG59, hupoteza mawimbi mengi zaidi. Hata RG6 nzuri, kwa mita 20, hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu iliyotoka kwenye antena. Kwa hiyo waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na uwe mmoja bila ya kuungwa katikati. Kuunga kwa kusokota na kufunga tepu ni kuyafungulia maji mlango.

Ndani ya waya huo kuna uzi wa shaba katikati, plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi na karatasi ya fedha. Unapofunga kichwa cha waya, hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu unaogusa uzi wa katikati. Uzi mmoja tu ukigusa, hakuna picha, na kama kuna busta unaweza kuunguza adapta yake. Uzi wa katikati uchomoze milimita chache tu kupita ukingo wa kichwa.

8. Busta: dawa au maradhi?

Busta ni kifaa cha kukuza mawimbi. Watu hudhani kwamba busta huleta mawimbi yasiyokuwepo. Sivyo. Inakuza kile kilichoingia, kizuri na kibaya pamoja. Ikiwa antena imeshika mawimbi machafu, busta itakupa uchafu mkubwa zaidi.

Busta inafaa katika hali mbili: waya ni mrefu, au antena moja inagawiwa televisheni kadhaa. Na mahali pake ni karibu na antena, si nyuma ya televisheni, ili iyakuze mawimbi kabla hayajapotea njiani. Umeme wake hupandishwa kwa waya ule ule wa antena, ama kutoka kwenye adapta yake, ama kutoka kwenye zile volti 5 za king'amuzi tulizozitaja. Ikiwa antena yako ina busta ndani na haifanyi kazi, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uone kama umeme wa antena umewashwa. Na kama antena haina busta, uzime.

Aliye karibu na mnara busta humdhuru: mawimbi yanakuwa makali kupita kiasi, na king'amuzi kinashindwa kusoma. Lipo na jambo jingine. Masafa ya juu ya megahezi 694, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, sasa yamepewa simu za mkononi. Busta za zamani hukuza hadi megahezi 862, hivyo mnara wa simu ulio jirani unaingia ndani yake na kuizidi nguvu televisheni. Dalili yake ni picha nzuri iliyokuja kuharibika baada ya mnara wa simu kujengwa mtaani. Dawa yake ni kuondoa busta, au kuweka kichujio cha kuzuia masafa ya simu.

Kuhusu kugawa: kigawio cha njia mbili humpa kila mmoja chini ya nusu, na cha njia nne humpa kila mmoja chini ya robo. Wanaoishi kwenye majumba ya fleti, kama yale ya Michenzani, wanaweza kushirikiana antena moja nzuri juu ya paa yenye busta ya kugawia, badala ya kila nyumba kupachika yake dirishani. Gharama inapungua, na paa linabaki salama.

9. Kuifunga, hatua kwa hatua

Kwanza, ifanyie majaribio kabla ya kutoboa chochote. Mmoja akae mbele ya televisheni, mwengine aishike antena mahali inapokusudiwa, wawasiliane kwa simu.

Pili, fungua ukurasa wa king'amuzi unaoonesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Utazame zaidi ule wa ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa na ubora ukawa sufuri, kwa sababu nguvu huhesabu na uchafu pia.

Tatu, elekeza upande wenye mikono mifupi kwenye mnara. Upande wenye wavu au mkono mrefu ndio mgongo. Antena nyingi tulizoziona mitaani zimefungwa kinyume.

Nne, angalia kama mikono ya antena za majirani imelala au imesimama. Mnara unarusha mawimbi yaliyolala au yaliyosimama, na antena yako lazima iufuate. Ukiilaza penye kusimama, utapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi.

Tano, izungushe kidogo kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, kisha subiri sekunde kadhaa. Dijitali inachelewa kuonesha. Anayezungusha kwa haraka hupita juu ya mahali pazuri bila ya kujua.

Sita, ukipata ubora wa juu, weka alama, kisha funga bomba kwenye kenchi au ukutani kwa klampu mbili zilizoachana angalau nusu mita. Bati peke yake halishiki bomba. Ukitembea juu ya paa, kanyaga penye mistari ya misumari, kwani hapo ndipo penye papi chini yake. Ziba kila tundu ulilolitoboa.

Saba, waya ushuke ukiwa umefungwa kwenye bomba, na kabla ya kuingia ndani uache upinde kidogo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondoke pale na yasifuate waya mpaka kwenye televisheni. Kichwa cha juu kifunikwe kwa mpira au tepu nzuri.

Nane, amuru king'amuzi kitafute chaneli upya. Kisha pitia chaneli zote, si moja tu, kwa sababu kila mkusanyiko wa chaneli una masafa yake, na mmoja unaweza kuwa dhaifu wakati mwengine una nguvu.

10. Nafsi kwanza

Sehemu hii tunaomba isirukwe. Bomba la chuma la mita sita likigusa waya wa umeme, aliyelishika hapewi nafasi ya kuliachia. Kwa hiyo, kabla ya kulisimamisha, tazama juu. Umbali kutoka kwenye nyaya za umeme uwe angalau mara mbili ya urefu wa bomba pamoja na antena, ili hata likianguka lisifike. Ikiwa nafasi hiyo haipo, usiweke antena hapo. Usiifunge kabisa kwenye nguzo ya umeme. Usifanye kazi hii peke yako, wala wakati wa upepo, mvua au giza. Bomba likianza kuanguka, liachie na ukimbie, usijaribu kulikamata. Mwenye saumu aliyechoka mchana wa jua kali asipande paa. Kazi hiyo ingoje asubuhi na mapema.

Kuhusu radi: bomba lililo juu liunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba, wa milimita za mraba 16, mpaka kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, na nondo hiyo iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba. Kazi hii mwachie fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo hakuna kinachoizuia radi moja kwa moja. Ukisikia ngurumo, chomoa waya wa antena na waya wa umeme wa televisheni. Na ngurumo zikishaanza karibu, usiziguse tena nyaya hizo mpaka zipite.

11. Haki ya jirani na haki ya fundi

Antena yako isiingie kwenye anga ya jirani, na waya zinazolishikilia bomba zisifungwe kwenye ukuta wake bila ya idhini. Mpangaji amuulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa paa, kwa sababu paa litakalovuja ni lake. Jirani yako mwenye antena nzuri muulize, na wewe ukipata picha nzuri mweleze mwenzako. Elimu hii haipungui kwa kugawiwa.

Kwa anayemwita fundi: patana naye kabla hajapanda. Mwambie kwamba utataka kuona mstari wa ubora na chaneli zote zikifanya kazi kabla hajakusanya vifaa vyake. Akimaliza kama mlivyopatana, mpe ujira wake hapo hapo, usimzungushe. Nasi tunawausia mafundi wetu: mteja anayeishi karibu na mnara na anatosheka na antena ya kawaida, mwambie hivyo. Kumuuzia busta asiyoihitaji ni kumla mali yake.

12. Picha ikiharibika baadaye

Usianze kwa kununua antena nyingine. Fuata mpangilio huu. Waulize majirani; ikiwa wote hawapati, tatizo liko mnarani. Kama ni wewe tu, chomoa na uchomeke upya waya nyuma ya king'amuzi. Kisha tazama umeme wa busta. Kisha kagua vichwa vya waya kama vimeingia maji au kutu ya kijani. Kisha tazama kutoka chini kama upepo au kunguru wameigeuza antena. Baada ya hayo yote ndipo ufikirie kifaa kipya. Na chaneli moja ikipotea huku nyingine zipo, amuru king'amuzi kitafute upya, kwani stesheni huhamishwa masafa mara kwa mara.

Pesa ya kifurushi cha mwezi si kubwa ukiitazama peke yake. Lakini izidishe kwa miezi kumi na miwili, uiweke pembeni ya ada ya madrasa au futari ya jirani, utaona uzito wake. Kilicho bure na halali kipo hewani juu ya nyumba yako. Kinachobakia ni chuma kilichoelekezwa sawasawa na waya uliofungwa kwa uangalifu. Nini cha kutazama baada ya hapo, hilo liko mikononi mwa wazazi na wakuu wa nyumba.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wanaopanda juu ya mapaa kwa ajili ya familia zao, na atujaalie manufaa katika tunayoyaona na kuyasikia. Wabillaahi tawfiiq.